Shule inayochagua kwa anwani: jibu kwa Mama Neema wa Rogers Park

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Rogers Park, Chicago, tangu tulipotoka Arusha. Binti yetu mkubwa yuko darasa la nane na anafanya vizuri, hasa hisabati. Shemeji yangu anasema kama tunamtakia mema tuhamie eneo la New Trier, kwa sababu ni shule ya serikali lakini inazishinda shule nyingi za kulipia. Pango la fleti ya vyumba viwili huko litatubana sana. Mume wangu itabidi aongeze kazi ya usiku. Shemeji anasema tukishindwa kuhama, binti akakae kwa rafiki yake Wilmette, ndani ya eneo hilo, na tutumie anwani ya huko. Je, shule hii ina thamani ya mateso yote hayo? Na mtoto wetu, ambaye Kiswahili ndicho tunachoongea nyumbani, hatapotea pale?

Jibu: Marahaba, Mama Neema, na poleni kwa uzito wa uamuzi huu.

Nianze na lile la anwani ya Wilmette, maana ndilo linaloweza kuwaumiza kabla binti hajazoea hata njia ya darasani: msilifanye. Sababu nitaieleza mbele. Kuhusu kuhama kikweli, mimi nasema hameni, ila kwa masharti mawili. Pango lisiwafanye nyinyi wote wawili mkosekane nyumbani jioni. Na kabla ya kusaini mkataba, mjue binti atapangwa ngazi gani ya hisabati na ya Kiingereza. Hili la pili wazazi wetu wengi hulisikia mtoto akiwa darasa la 11, wakati mambo mengi yameshaamuliwa. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika sekondari za serikali hapa Illinois, na karibu kila familia ya Kiafrika inayokuja ofisini huuliza kwanza jina la shule. Wachache huuliza ngazi.

Shemeji yako hakosei anapoisifu New Trier. Ilifunguliwa mwaka 1901 pale Winnetka, kaskazini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Inahudumia Wilmette, Winnetka, Kenilworth, Glencoe, Northfield na vipande vya Glenview na Northbrook, na ina wanafunzi wapatao 4,000. Darasa la tisa husoma peke yake katika kampasi ya Northfield. Kuanzia la 10 hadi la 12 wanakuwa Winnetka, karibu na kituo cha treni cha Indian Hill. Orodha ya masomo ni ndefu, vifaa vipo, na karibu kila anayemaliza huendelea na chuo. Lakini ninachokithamini zaidi pale ni mfumo wa walimu walezi, ambao shule imekuwa nao tangu miaka ya 1920. Kila asubuhi mwanafunzi hukaa na mlezi wake pamoja na kikundi cha wenzake wa mwaka mmoja. Darasa la tisa ana mlezi wake; akihamia Winnetka anapata mwingine atakayekwenda naye hadi amalize. Katika shule ya watu 4,000, mtoto mgeni kuwa na mtu mzima mmoja anayemwona uso kila siku ya masomo, anayejua kwamba leo hajalala vizuri au kwamba ameacha kucheka, ni jambo kubwa mno. Mtakapofika, mlezi huyo awe mtu wa kwanza mnayemfahamu kwa jina, kabla ya mkuu wa shule.

Sasa, inakuwaje shule ya serikali iwe hivyo, na nyingine isiyo mbali nayo, katika jimbo hilohilo, iwe inahangaika na walimu na paa? Kwetu mwalimu wa serikali hulipwa na Hazina, awe Kigoma au Kinondoni. Marekani karibu kila shule ya serikali iko chini ya wilaya yake ya elimu, yenye bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo ya eneo lenyewe. Nyumba za Winnetka na Kenilworth ni miongoni mwa zile za bei kubwa kabisa Illinois, kwa hiyo hata kiwango cha wastani cha kodi huleta fedha nyingi. Wazazi wa San Antonio, Texas, waliwahi kuupeleka utaratibu huu mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba haupingani na katiba ya nchi. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Detroit, mahakama hiyohiyo ikasema wilaya za vitongoji haziwezi kulazimishwa kushiriki mpango wa kuchanganya wanafunzi wao na wa mjini ili wa rangi zote wasome pamoja ikiwa hazikuthibitishwa kuwa na kosa. Hukumu hizo mbili ndizo zilizoupa mpaka wa wilaya nguvu uliyo nayo leo.

Watu wa Chicago wanalijua hili kwa uchungu. Septemba 2008, siku ya kwanza ya masomo, James Meeks, seneta wa jimbo la Illinois, aliwapakia kwenye mabasi wanafunzi wa shule za Chicago wapatao elfu moja akawapeleka kampasi ya Northfield kujaza fomu za kujiandikisha New Trier. Walijua hawatapokewa; walitaka jimbo zima lione tofauti ya fedha. Mwaka 2017 Illinois ilibadilisha kanuni ya ruzuku ili shule zenye upungufu zipate nyongeza kwanza. Imesaidia, ila pengo halijazibika.

Nakuambia haya kwa sababu yanaeleza unanunua nini. Wewe umekulia Tanzania, kwa hiyo ukisikia shule bora ya serikali akili inakwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Zile zinachagua kwa maksi. Mtoto wa mkulima wa Kondoa akifaulu vizuri sana anaitwa, anabeba sanduku lake, na akishafika anasoma kilekile anachosoma mtoto wa waziri. New Trier haikuulizi maksi mlangoni. Inauliza unaishi wapi. Ukiwa na mkataba wa pango wa ndani ya mpaka, hata kama mtoto ana alama za chini kabisa, ni lazima wampokee.

Mchujo wa maksi upo, ila umewekwa ndani ya jengo. Karibu kila somo kuu lina ngazi zenye nambari. Wanafunzi wawili wanaweza kukaa kiti kwa kiti kwenye basi, wote wa darasa la tisa, wote wana somo liitwalo Kiingereza, na mmoja akawa anasoma vitabu na kuandika insha za kiwango ambacho mwenzake hatakigusa mwaka huo. Alama ya ngazi ya juu pia hupewa uzito mkubwa zaidi inapohesabiwa GPA, yaani wastani wa alama zake zote. Vyuo vinapopokea rekodi ya mtoto huangalia alizipata alama zake katika masomo ya ngazi gani. Alama ya A katika ngazi ya chini ya shule tajiri haina uzito ambao wazazi wengi hudhani.

Hisabati ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi, na kwa kuwa binti yenu ndiko alikojaliwa, nikae hapo kidogo. Kwa kawaida masomo hupandana hivi: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, matayarisho ya kalkulasi, kisha kalkulasi yenyewe. Ni masomo matano, na sekondari ina miaka minne. Hesabu rahisi inaonyesha kwamba anayetaka kufika kalkulasi darasa la 12 bila kubana masomo mawili mwaka mmoja au kutumia likizo, aljebra ya kwanza lazima aimalize darasa la nane. Katika vitongoji vile watoto wengi wameshafanya hivyo, na wengine wako mbele zaidi. Binti anayetaka uhandisi au udaktari akianza aljebra darasa la tisa hajaharibikiwa, lakini atakuwa anakimbiza wenzake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenu ni hili: mwaka huu Neema anasoma aljebra, au hisabati ya kawaida ya darasa la nane? Shule za Chicago zina mtihani wa kumalizia aljebra kwa darasa la nane. Kama anasoma aljebra, hakikisheni anaufanya na mnabaki na matokeo yake kwa maandishi. Kama hasomi, muulizeni mwalimu wake wiki hii kama kuna kozi ya likizo ya kiangazi inayotambuliwa na shule mnayokwenda. Tafuteni tuisheni kama inabidi. Fedha za miezi miwili ya tofauti ya pango zikitumika hapo zitamfaa kuliko anwani.

Upangaji hufanyika mtoto akiwa bado darasa la nane. Wanatazama vipimo, alama, na maoni ya walimu wake wa sasa. Hapa ndipo mgeni hupungukiwa. Watoto wa Wilmette na Winnetka wanatoka shule za msingi ambazo zimezoeana na New Trier miaka mingi. Mwalimu wa kule akiandika kwamba huyu anaiweza ngazi ya juu, anaaminiwa. Mwalimu wa Neema hajulikani. Ndiyo maana mwende na karatasi: matokeo ya vipimo vya jimbo, ripoti za miaka miwili, barua ya mwalimu wa hisabati, na hata daftari la kazi zake bora za uandishi. Ombeni kukutana na mkuu wa idara ya hisabati. Akipangwa chini ya uwezo wake, kataeni kwa upole na kwa maandishi, mkiomba apimwe tena. Ninajua kwetu mzazi hamfundishi mwalimu kazi, na heshima hiyo ni nzuri. Huku, mzazi asiyeuliza huchukuliwa kuwa ameridhika. Wazazi wenzenu wa Winnetka, wengi wao wanasheria na madaktari, wanauliza, wanaandika, wanapiga simu, na mara nyingi wanapata. Ninataka nanyi mpate.

Kiswahili nyumbani. Mtakapomwandikisha mtapewa fomu fupi inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Andikeni Kiswahili, kwa sababu ndiyo kweli. Nimekutana na wazazi walioandika Kiingereza kwa hofu kwamba mtoto atatupwa darasa la wageni, na baadaye mtoto alipohitaji msaada wa uandishi hakukuwa na njia rahisi ya kuupata. Msaada huo ni haki iliyotokana na uamuzi wa Mahakama Kuu mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco. Kwa kuwa Neema amesoma Chicago, huenda alishapimwa kwa mtihani wa ACCESS unaofanywa kila mwaka na watoto walio katika mpango wa kujifunza Kiingereza. Ulizeni shuleni kwake kama bado yumo katika mpango huo au alishahitimu, na mchukue ushahidi. Kama alishahitimu, karatasi hiyo inazuia mtu kumrudisha nyuma kwa kusikia lafudhi tu. Kama bado yumo, mzazi ana haki ya kukubali au kukataa huduma, ingawa mimi singeikataa bila kuona kwanza inamsaidia vipi. Kuwa kwenye mpango wa Kiingereza si sababu halali ya kumnyima hisabati ya ngazi ya juu; mkiambiwa hivyo, ombeni waandike.

Na Kiswahili chake msikiache kife. Illinois hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye cheti cha kumaliza sekondari kwa anayethibitisha kuimudu Kiingereza pamoja na lugha nyingine, na mtihani wa Kiswahili upo. Aweze kukisoma na kukiandika, kukiongea peke yake hakutoshi. Gazeti la Kiswahili kila Jumapili na barua kwa bibi Arusha ni maandalizi ya kutosha kabisa.

Narudi kwenye anwani. Najua shemeji yako hakuwaza ubaya. Kwetu mtoto kukaa kwa baba mdogo au kwa rafiki wa familia ili asome karibu na shule nzuri ni jambo la kheri, na wengi wetu tumesoma hivyo. Sheria ya Illinois inasema makazi ya mwanafunzi ni makazi ya yule aliye na dhamana yake kisheria, na dhamana iliyohamishwa ili tu mtoto apate shule ya eneo fulani haihesabiki. Anayemwandikisha mtoto bila ada huku akijua kwamba si mkazi anafanya kosa la jinai, hata kama ni la daraja dogo. Wilaya inaweza pia kudai ada ya muda wote aliosoma, na katika wilaya kama hii hilo ni deni la maelfu mengi ya dola. Wilaya hizi hufuatilia. Nyingine hutuma mtu kuangalia mtoto anatokea nyumba gani asubuhi. Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alifungwa siku kadhaa kwa kutumia anwani ya baba yake mzazi ili binti zake wasome kitongoji cha jirani. Kwa familia ambayo bado ina faili lake uhamiaji, sitaki hata kufikiria kosa la jinai litasomekaje mbele ya ofisa.

Haki nazo mzijue. Shule inaweza kudai ushahidi wa makazi, lakini tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1982 haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji. Na familia iliyopoteza nyumba ikalazimika kubanana kwa ndugu kwa shida ya kweli inalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 kuhusu watoto wasio na makazi. Nyinyi hamko katika hali hiyo, ila wapo wanaosoma hapa ambao wako.

Umeuliza kama atapotea. Nitakuwa mkweli: atakuwa mmoja wa wachache sana. Sehemu kubwa ya maeneo yale ilitengewa watu weupe kwa makusudi. Julai 1965 Martin Luther King alihutubia maelfu ya watu kwenye uwanja wa kijani wa Winnetka, akitaka nyumba za vitongoji vya kaskazini ziuzwe na kupangishwa kwa kila mtu. Mwaka 2017 New Trier ilitenga siku nzima kwa mafunzo ya haki za kiraia na rangi, na wazazi wakagawanyika vikali kabla hata siku yenyewe haijafika. Wapo waliopinga na wapo waliosimama kuitetea, kwa hiyo msiwaweke wote kapu moja. Binti mwenye tabia ya kujiunga na watu, anayeimba, anayekimbia, anayependa roboti, atapata watu wake haraka kwa sababu klabu na timu ni nyingi. Binti mkimya atahitaji muda, na atahitaji kanisa au msikiti wake wa zamani na marafiki wa Rogers Park wasikatwe ghafla.

Kuna pia msongo wa mashindano. Watoto wa shule za namna hii hulala kidogo, hujaza masomo ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, mpaka hewa inakwisha, na huona aibu kupata B. AP ni nzuri: mtihani hufanywa Mei, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vikuu vya serikali vya Illinois vinatakiwa kisheria kutambua alama ya 3 na kuendelea, jambo linaloweza kupunguza ada ya chuo. Lakini mbili au tatu alizozielewa zinamtosha kuliko saba zilizomvunja. Hapo ndipo ninaporudi kwa baba wa kazi ya usiku. Mtoto wa miaka 14 anayeingia mazingira mapya namna hii anahitaji mtu wa kumwuliza mezani siku imekwendaje. Kama pango linaondoa watu wote mezani, basi kaeni.

Na kukaa si kushindwa. Chicago ina shule za kuchagua kwa mtihani, kama Walter Payton, Northside na Whitney Young, ambazo ziko karibu na mfumo wa Ilboru kuliko New Trier ilivyo. Kama mliomba msimu wa maombi, subirini majibu kabla ya kuvunja mkataba wa nyumba. Evanston, mji unaopakana nanyi upande wa kaskazini, ina sekondari kubwa ya serikali yenye mchanganyiko wa kweli wa watu, ambayo tangu 2011 ilianza kuwaweka wanafunzi wengi wa darasa la tisa pamoja katika masomo ya fasihi na historia badala ya kuwatenga mapema. Skokie ina Niles North na Niles West, shule ambazo zimezoea watoto wa wahamiaji kutoka kila pembe ya dunia. Kwa hali mliyonieleza, mimi binafsi ningeanza kutafuta fleti Evanston na Skokie. Mkiona lazima iwe New Trier, tazameni Wilmette karibu na kituo cha Linden, mwisho wa treni ya mstari wa zambarau. Fleti zipo, na baba ataweza kurudi kazini mjini bila gari la pili.

Jambo la mwisho ni gharama za shule yenyewe. Hakuna ada ya masomo kwa mkazi, lakini kuna ada ya usajili, vitabu, michezo na mitihani, na zikijumlishwa zinauma. Sheria ya Illinois inazitaka wilaya zisamehe ada kwa familia ambazo kipato chao kinawapa watoto haki ya chakula cha bure shuleni. Msisubiri kuletewa. Mwombeni msajili fomu ya msamaha wa ada siku hiyohiyo mnapopeleka mkataba wa pango, na mbaki na nakala yenye tarehe.